Pampu Zangu na Maji Mafu ya Mzee Salehe

Nimestaafu bila kujua kuogelea. Naliweka hili mbele kabisa, kwa sababu ninyi vijana wa karakana ya Nguvumali mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, na sitaki mje mlisikie kwa watu halafu mseme Fundi Elia alituficha. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia kuchagua pampu za kuzungusha maji ya chumvi kwenye matangi ya matumbawe, majumbani mwa watu, kuanzia Tanga mjini mpaka Pangani. Nimeweka bahari ndani ya vioo, sebuleni, pembeni ya televisheni. Bahari yenyewe nimeiingia mpaka magotini, na hapo nilikuwa nimeshikwa mkono.

Mimi ni Msambaa wa Bumbuli. Kwetu maji yanatoka juu yanakwenda chini, na yakishapita yamepita. Hayarudi jioni kana kwamba yamesahau kitu. Nilipoyaona ya pwani yakifanya hivyo mara ya kwanza nilidhani kuna mtu ameyafungulia mahali, na kwa muda mrefu tu nikaendelea kuamini kwamba nikitafuta vizuri nitaiona koki.

Kazi nilianzia kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, kwenye pampu za maji ya kuoshea nyuzi. Siku ya kwanza msimamizi aliniuliza kama najua pampu. Nikasema najua. Pampu niliyokuwa naijua ni ya baiskeli. Akanipeleka kwenye dude limekaa chini limefungwa kwa nati nene, akaniambia liwashe tuone. Nikawasha. Hakuna aliyenifundisha kwamba pampu ya namna ile lazima uishibishe maji kwanza ndipo uiwashe. Ikalia kavu, ikaanza kufuka moshi, nami nikasogea pembeni nikitikisa kichwa kwa masikitiko, kama vile uzembe ule ameufanya mtu mwingine. Msimamizi akazima mwenyewe, akasema kwamba nina kipaji cha kusimama mbali na makosa yangu. Akaniacha niendelee na kazi.

Elimu yote ya pale shambani ilikuwa moja: maji yasukumwe kwa nguvu. Bomba nene, mota nene, kelele nyingi. Maji yakichelewa, ongeza nguvu. Yakichelewa tena, ongeza tena. Niliikariri elimu hiyo vizuri sana, na ndiyo iliyokuja kuniponza.

Mkonge ulipoyumba na mitambo kupunguzwa, nikasikia kuna hoteli ndogo Ushongo inatafuta mtu wa pampu. Nikaenda nikijua ni pampu ya kisima. Nikakuta sebule ya wageni, na ukutani tangi refu la kioo lenye samaki wa rangi na matumbawe hai, na mbele yake amekaa kwenye kigoda bwana mmoja mwembamba anaitwa Omari. Yeye ndiye aliyekuwa mlezi wa lile tangi. Yote ninayoyajua ya maana katika kazi hii niliyapata kwake, na yote niliyoharibu niliyatoa kichwani mwangu.

Bwana Omari alikuwa hasemi sana. Pampu yao ilikuwa imekufa, nami nikamwambia asihangaike, ninayo moja ya shambani, imefanya kazi miaka na miaka haijui homa. Nikaileta. Akaniomba niifungue. Nikaifungua nikijidai, nikamwonyesha kijifeni cha ndani, kile tunachoita impela, cha shaba safi, kinang'aa. Akakichukua, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya bahari, akaniambia niende nyumbani, nirudi wiki ijayo. Niliporudi shaba imeota ukijani na maji ya ndoo yamegeuka rangi. Akaniuliza kama ningependa kuyanywa. Nikasema hapana. Akasema kamba na konokono na matumbawe nao hawapendi, ila wao hawana mdomo wa kukwambia, wanakufa tu. Tangu siku hiyo pampu yoyote ikinifikia naifungua kwanza niangalie ndani kuna madini gani. Plastiki ngumu na kauri, sawa. Shaba, rudisha kisimani.

Jambo la pili alilonifundisha ni uduvi. Mnajua wote uduvi, vile vijikamba vidogo vilivyokaushwa, mama zenu wanavipika kwa nazi. Bwana Omari aliusaga ukawa unga, akawa anachukua mwonjo kwa vidole viwili anaunyunyiza juu ya tangi, halafu anakaa kwenye kigoda chake. Usitazame pampu, alikuwa akisema, tazama uduvi. Unga ukianguka mahali ukakaa, hapo maji yamelala, na uchafu utalala hapohapo uoze. Ukirushwa ukagonga kioo cha pili, hapo unachapa viumbe wa watu. Lakini ukienda, ukasita, ukazunguka jiwe ukarudi kwa njia nyingine, hapo umepata. Mimi mtu wa saa za presha na vipimo nilimcheka moyoni. Baadaye vipimo vyangu viliharibika kimoja kimoja kwa chumvi, na uduvi ukabaki. Nilitembea nao mfukoni miaka yote, mpaka paka wa Nguvumali wakawa wananijua kuliko majirani.

Basi kwa wale wanaotaka kazi na si hadithi, kuchagua pampu ni hivi. Mteja atakuuliza ipi ndiyo yenye nguvu zaidi. Usimjibu. Muulize amefuga nini. Matumbawe laini, yale yanayoyumbayumba, yanatosheka maji ya tangi yakizungushwa kama mara ishirini kwa saa, hata pungufu. Magumu yenye matawi yanataka mara mbili ya hapo na kupita. Lakini hesabu hiyo ni ya kwenye boksi, na boksi halijawahi kukutana na jiwe. Maji yakigonga mawe yanachoka, pampu ikishika uchafu inachoka, kwa hiyo nunua iliyozidi kidogo na inayoweza kupunguzwa kasi. Nasisitiza kupunguzwa. Mtaona kwa nini.

Halafu, mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa. Kubwa moja inatema mkondo mmoja mkali: tumbawe la mbele linachunwa, la nyuma linakosa pumzi. Mbili ndogo zielekezane mshazari, mikondo igongane katikati, maji yavurugike. Viumbe hawa wanapenda vurugu, hawapendi kupigwa. Na pampu isielekezwe kwa tumbawe moja kwa moja, ielekeze kwenye kioo, maji yajigonge ndipo yaende. Pampu ya kurudisha maji kutoka tangi la chini, lile la kuchujia, ni kazi nyingine, msiichanganye na hizi. Ile ni ya kubeba, hizi ni za kuchochea. Niliwahi kuzichanganya nyumbani kwa mwalimu mmoja Pangani, nikalowesha zulia, kochi, na mwalimu.

Kumbukeni joto. Pampu iliyo ndani ya maji ni jiko dogo, na Tanga ya mwezi wa pili haihitaji jiko. Umeme ukikatika, muwe na kipampu cha hewa cha betri, kwa sababu maji yaliyosimama hayamsubiri mtu. Zile zinazoshikiliwa kwenye kioo kwa sumaku, sumaku moja ndani moja nje, zishikeni kwa adabu. Ukucha wa gumba langu la kushoto ulijifunza hilo na haujarudi sawa. Kila mwezi mzifungue mzilowekeze kwenye siki kuondoa chokaa. Siki ya kawaida. Mimi wakati fulani niliishiwa, nikatumia siki ya achari, ile yenye pilipili, halafu nikajifuta uso.

Sasa nije kwa Mzee Salehe, kwa sababu mkiwauliza watu wa Sahare, anakokaa, habari zangu watawahadithia hii, na wanaiongeza chumvi.

Mzee Salehe ni mtu wa Tongoni, Mtang'ata hasa, mwenyeji wa pwani ile tangu mababu, na alikuwa mpiga mbizi. Miaka mingi aliwazamisha wataalamu wa bahari kwenda kutazama miamba. Wao wakiandika, yeye akiwaonyesha. Alipozeeka na masikio kuuma, mwanawe, ambaye ni nahodha na makao yake Muscat, akamletea tangi la kioo na taa zake, na vipande vya matumbawe wakavipata kwa kibali kutoka kwa watu wanaoyaotesha. Mzee akawa na bahari yake ya kukalia mbele. Maji ya kifuu bahari ya chungu, alikuwa akiwaambia wageni, na chungu mwenyewe ni mimi.

Halafu akapatwa na kiharusi. Kilichukua upande wa kulia na kilichukua ulimi. Daktari aliiambia familia kwamba ulimi unaweza kurudi, lakini mgonjwa asiachwe kimya. Lazima ajaribu kunena kila siku, la sivyo utazoea kulala na hautaamka. Wakamletea majirani, wakamletea wajukuu, wakamsomea. Mzee hakujibu mtu. Mahali pamoja tu ndipo alipokuwa akitoa neno moja, mara moja moja: mbele ya tangi lake. Atamwona samaki fulani, atasema jina lake. Basi.

Na pampu za lile tangi zikafa. Hapo ndipo mkewe, Bi Tatu, aliponitafuta. Ni mama mnene wa sauti, mzaliwa wa Tongoni kama mumewe, haongei nusunusu. Nilimwamkia, nikamwamkia mzee aliyekuwa kwenye kiti chake, akainua kidole cha kushoto. Matumbawe yalikuwa yamejifunga. Nikaanza kutoa maelezo yangu ya kitaalamu. Bi Tatu akanikata.

"Fundi, mimi sijui pampu. Ninachojua, haya matumbawe yakifa, mume wangu hatanena tena. Nakukabidhi vyote viwili."

Nikamwambia asiwe na shaka. Ningepewa shilingi kwa kila mtu niliyemwambia asiwe na shaka, ningestaafu mapema na watu wangepumzika.

Niliweka pampu mbili nzuri za kati zikitazamana, zenye kiboksi cha kupandisha na kushusha kasi. Nikanyunyiza uduvi. Ukaenda, ukasita, ukarudi. Baada ya siku chache matumbawe yakafunguka, yakatoa vile vidole vyao vyembamba, na mzee akaanza kutaja samaki tena. Bi Tatu akanipa maandazi ya kupeleka nyumbani. Ningekufa siku ile mngenizika kwa heshima.

Kisha nikaenda kukagua. Mzee yupo kwenye kiti, Bi Tatu yupo jikoni. Mzee alilitazama tangi, akanitazama mimi, akainua mkono wa kushoto kuelekea kwenye maji, na kwa jasho, akitafuta kila herufi, akasema, "Maji... mafu."

Nilifurahi na nikaumia kwa pamoja. Nilifurahi kwa kuwa amenena maneno mawili yaliyofuatana. Nikaumia kwa kuwa ameitukana kazi yangu. Maji yamekufa? Pampu zote mbili, mikondo ile? Lakini mgonjwa habishiwi. Nikaenda mbio jikoni kumpa mama habari njema, nikamwambia mzee amenena, anasema maji yamekufa, yanataka kuongezwa nguvu. Tazameni hapo vijana. Yeye alisema maneno mawili. Mimi nikapeleka jikoni hotuba. Bi Tatu akasema alhamdulillahi, akajifuta macho kwa upande wa kanga, akaniambia basi ongeza, fanya anavyotaka. Nikaongeza.

Wiki mbili hivi baadaye akasema tena. Maji mafu. Safari hii kwa sauti kubwa kidogo na uso umekunjamana. Nikamwambia nimekusikia, mzee wangu, leo yatafufuka. Nikapandisha kiboksi mpaka mwisho. Alifumba macho. Nikadhani amepumzika kwa kuridhika.

Mara ya tatu aliposema, alikuwa anatetemeka. Nami damu ya mkonge ikanipanda. Nikaenda karakana nikachukua pampu kubwa niliyokuwa nimeihifadhi kwa ajili ya mteja wa hoteli, nikaipachika pembeni. Mchanga wa chini ukanyanyuka ukawa unazunguka na maji. Samaki wakajibanza nyuma ya jiwe moja, wote, hata wale wasiopatana. Nilinyunyiza uduvi sikuuona ulikokwenda. Nikasema moyoni, maji hai ndiyo haya.

Matumbawe yale magumu yenye matawi yakaanza kubambuka ngozi. Ncha zilizotazama pampu zilibaki nyeupe, mfupa mtupu. Na mzee akanyamaza. Hakutaja samaki. Hakutaja chochote. Bi Tatu alipomgeuzia kiti kuelekea tangi, aligeuza shingo akatazama ukuta.

Bi Tatu akanipigia simu, sauti yake ile kubwa imekuwa ndogo. Nikaja nimebeba kwenye boksi pampu kubwa kuliko ile kubwa. Ndiyo. Hata sasa nikiandika natamani kumwita yule Elia pale mlangoni nimwambie geuka urudi. Bi Tatu alinizuia kabla sijaweka boksi chini.

"Hebu ngoja. Siku zote unanisimulia wewe. Niambie alivyosema mwenyewe, maneno yake."

Nikamwambia alisema maji mafu. Mara zote tatu, maji mafu.

Aliketi juu ya boksi la pampu. Kwanza alicheka, akacheka mpaka mabega yakatikisika, nami nikajitia kucheka kidogo kwa adabu. Kisha nikaona machozi, na si ya kicheko tena. Akaniuliza nimeishi pwani miaka mingapi. Nikamwambia mingi. Akaniuliza na hiyo mingi nilikuwa nazungumza na nani.

Akanieleza, polepole, kama unavyomweleza mtoto. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana, mikondo hukimbia. Hayo yanaitwa bamvua. Mwezi ukiwa nusu, bahari haijai sana wala haipwi sana, maji yanatambaa tu, na viumbe wa mwambani wanapata nafasi ya kupumua. Hayo ndiyo maji mafu. Hayajafa wala hayajaoza, yanapumzika. Mumewe alikuwa anataka bahari yake ya kioo iende sawa na ile ya nje, kama alivyoiona maisha yake yote chini ya maji. Ilikuwa mwezi nusu, na alikuwa anamwambia fundi apunguze.

Niliwahi kulisikia neno hilo sokoni, kwa wavuvi, wakisema samaki hakuna kwa sababu ya maji mafu. Nilidhani wanalaumu uchafu wa bandarini. Niliwahi hata kuwaunga mkono.

Wapwani wana msemo wao, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni nilikuja, na mwenyeji nilikuwa namwua kidogo kidogo. Lakini aibu ya matumbawe haikuwa kubwa. Iliyonikaa kooni ni nyingine. Mtu amepokonywa maneno yote aliyokuwa nayo, amebakiwa na mawili. Anayakusanya kwa jasho siku nzima, anayatoa, na kila akiyatoa anatokea mjinga mmoja ameshika bisibisi, anaitikia ndiyo mzee, kisha anafanya kinyume. Hata ningekuwa mimi, ningenyamaza. Nilitoka nje nikasimama upenuni, nikalia. Ndiyo, nililia, na msinichunguze.

Niliiondoa pampu kubwa, nikazirudisha zile mbili chini kabisa mpaka maji yakawa yanatambaa. Ncha zilizobaki mfupa nikazikata kwa koleo zisije zikaoza zikaambukiza matawi mazima. Nikabadilisha sehemu ya maji, nikasafisha mchanga. Halafu nikapiga magoti mbele ya kiti nikamwomba mzee radhi. Alikuwa anatazama ukuta. Nikamwuliza kama kuna jambo lingine angependa nifanye. Ukuta.

Ikawa kila nikipata nafasi napita Sahare. Naamkia, navua viatu vyangu vya karakana visichafue jamvi, nauliza, mzee, leo maji gani? Kimya. Bi Tatu ndiye ananijibu, leo bamvua, pandisha, au leo yameanza kufa, shusha, nami natii. Matumbawe yakaanza kurudi. Ngozi ikatambaa juu ya pale nilipokata, jioni vidole vikachomoza, samaki wakaacha kujibanza. Shingo ya mzee nayo ikarudi: akawa anatazama tangi tena. Lakini hakutoa neno. Daktari alikuwa ameshasema ulimi usipotumika utalala moja kwa moja, na siku zilikuwa zinakwenda. Bi Tatu akaniambia mlangoni, bila kunilaumu, matumbawe yangu yamerudi, fundi, ila mume wangu bado. Heri angenilaumu.

Nikaamua nisimtegemee tena mama wa watu kunisomea bahari. Mtu mzima nitasoma mwenyewe. Nikawa natazama mwezi kila jioni nikitoka karakana. Nikauona mwembamba, nikauona unanenepa, mpaka siku moja nikauona umefika nusu kamili. Sasa mimi akili yangu ikafanya hesabu: mwezi unakua, basi na maji yanakua. Nusu si kidogo. Bi Tatu alikuwa amekwisha nieleza habari ya mwezi nusu, tena akiwa ameketi juu ya boksi langu, lakini siku ile nilikuwa nashughulika na aibu, sikushughulika na mwezi.

Kesho yake nikaenda Sahare nimenyooka. Bi Tatu alikuwa jikoni anasonga. Nikampigia kelele kutoka sebuleni kwamba leo asisumbuke kuniambia, leo nimeusoma mwezi mwenyewe, najua pa kuweka. Nikaamkia mzee, nikashika kiboksi, nikapandisha kasi mpaka juu. Pampu zikavuma, matumbawe yakalala upande mmoja. Nikarudi nyuma hatua kuitazama kazi yangu.

Sauti ikatoka mgongoni kwangu. Ilikuwa nzito, imekwaruzika, inasimama kila baada ya neno kuvuta pumzi, lakini ilikuwa inakwenda.

"We mshamba. Mwezi nusu huo. Bahari yote unaifungulia ya nini?"

Niligeuka. Mzee Salehe alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti, mkono wa kushoto umekamata ubao wa kiti, ananitazama kama mtu aliyekuwa akiniandalia maneno hayo kwa muda mrefu. Bi Tatu akatokea jikoni na mwiko wenye ugali. Akauliza nani amesema. Nikamwonyesha kwa kidole. Akampigia magoti mumewe, mwiko bado mkononi, akamwambia sema tena, bwanangu. Mzee hakumtazama. Alikuwa bado ananitazama mimi.

"Punguza," akasema. "Huyu... ataniulia... bahari yangu."

Nikapunguza. Bi Tatu alikuwa analia wazi, anamshukuru Mungu, anamfuta mumewe mate, anamwomba anitukane tena. Na mzee akaongeza mengine mawili matatu, ambayo kwa kuwa baadhi yenu mna watoto wadogo nyumbani sitayaandika.

Habari ilienea. Barazani watu wakasema Fundi Elia ni mtu wa hekima ya ajabu: alijua kwamba mgonjwa akichokozwa ulimi utafunguka, akapandisha pampu makusudi. Daktari mwenyewe aliponikuta alinipa mkono akaniita mwenzake. Nikiwa mbele ya ninyi vijana ningependa sana kusema kwamba ndivyo ilivyokuwa. Sivyo. Sikufanya makusudi. Nilikosea tu, kama nilivyokosea siku zote, ila safari hii nilimkosea mtu aliyekuwa tayari.

Jioni ile nilipofunga mkoba wangu wa vifaa, Bi Tatu alinisindikiza mpaka mlangoni. Sebuleni mzee alikuwa bado anagomba, taratibu, neno kwa neno. Bi Tatu akasimama akasikiliza kidogo, akanishika mkono.

"Fundi," akasema, "na kesho njoo ukosee tena."